Maswali ya Wasomaji: Jarida la Siku Tano, Walimu 218 na Neno "Motisha"

Safari hii barua nyingi zimetoka Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Tukuyu mpaka Makete, na karibu zote zinahusu utafiti wa elimu: namna ya kuufanya, kuuandika na kuufikisha jaridani. Tumechagua nane. Majina tumeyaacha, maswali tumeyafupisha.

Ndugu wahariri, nimepata barua pepe kutoka jarida moja la kimataifa la elimu. Wanasema wameiona tasnifu yangu, wanaomba makala, na itatoka ndani ya siku 5 kwa dola 120. Wana ISSN, na wanajitangaza kuwa na kipimo cha athari cha 7.8. Nitume? — Mkufunzi, Mbeya mjini

Usitume. Hizo siku 5 zimeshawaumbua. Ili makala ihakikiwe, mhariri lazima aisome, atafute wahakiki angalau wawili, nao waisome katikati ya vipindi na usahihishaji wao, waandike maoni, kisha wewe urekebishe. Kazi hiyo huchukua miezi. Anayekuahidi siku 5 anakwambia kwamba hakuna mtu atakayeisoma.

ISSN, yaani namba ya kutambulisha jarida, isikutishe. Ni kama namba ya gari: inaonyesha gari limesajiliwa, haisemi kama breki zinashika. Chapisho lolote la mfululizo linaweza kuipata. Hata hivyo wapo wanaojitungia tu, na hao unawakamata kwa kalamu na karatasi. ISSN ina tarakimu 8, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua 7 za mwanzo, uzizidishe kwa mfuatano 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, ujumlishe, ugawe kwa 11, kisha baki uitoe kwenye 11. Jibu ndilo tarakimu ya nane. Jarida la Nature ni 0028-0836: sifuri mbili za mwanzo hazitoi kitu, halafu 2×6 ni 12, 8×5 ni 40, 0×4 ni 0, 8×3 ni 24, 3×2 ni 6. Jumla 82. Ukigawa kwa 11 baki ni 5, na 11 kutoa 5 ni 6. Imekubali. Jibu likiwa 10 huandikwa X. Baki ikiwa 0, tarakimu ya mwisho ni 0. Hesabu ikishakubali, ingia kwenye tovuti ya ISSN yenyewe uone kama namba hiyo imeandikwa kwa jina la jarida hilo au la lingine kabisa.

Kipimo cha athari halisi (impact factor, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida hunukuliwa) hutolewa na kampuni ya Clarivate peke yake. Ziko kampuni nyingine zinazouza vipimo vyenye majina yanayofanana na hicho, na majarida ya ulaghai ndiyo wateja wao. Tena, katika elimu, 7.8 ya kweli ingeliweka jarida hilo miongoni mwa makubwa kabisa duniani, na jarida la namna hiyo halizunguki kuomba makala kwa barua pepe.

Sasa litafute sehemu mbili. DOAJ, orodha ya majarida ya wazi (yanayosomeka bure mtandaoni) iliyoanza 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, huonyesha kila jarida linatoza ada au halitozi. AJOL, iliyoanza 1998 na makao yake yako Afrika Kusini, hukusanya majarida ya Afrika na huyapima kwa nyota, kuanzia bila nyota mpaka tatu. Ukilikuta jina huko, fungua tovuti ya jarida kwa kupitia kiungo cha huko huko, usipitie kile cha barua pepe. Kuna matapeli wanaoiga jina na sura ya jarida halali, wakajenga tovuti ya pili na kupokea pesa za watu.

Ada peke yake si kosa, maana majarida mengi halali ya wazi hutoza. Tofauti ni kwamba yao huwekwa bayana kabla hujatuma, na kulipa hakununui kukubaliwa. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alitunga makala ya sayansi yenye makosa ya wazi akaituma kwa majarida 304 ya wazi yanayotoza ada; 157 yaliikubali. Baadhi yalikuwa na bodi za wahariri zenye majina ya kuvutia. Kwa hiyo soma makala tatu za toleo la karibuni. Ukikuta ya elimu ya awali imebanana na ya saruji na ya uzazi wa samaki, umeshapata jibu.

Kama umeshatuma, andika leo kwamba umeiondoa, tunza nakala ya barua hiyo, usisaini hati ya hakimiliki, wala usilipe wanachokiita ada ya kuondoa makala. Tunajua kinachowasukuma wakufunzi ni kupanda cheo. Lakini makala ikishatoka kwenye jarida bovu, jarida zuri haliwezi kuichukua tena, na data zako za miaka miwili zimezikwa hapo.

Nasoma uzamili Iringa. Walimu wa sekondari katika eneo langu ni 480 kwenye shule 24. Kwa kanuni ya Yamane nilipata 218, nikagawa madodoso katika shule 11 zilizo karibu na barabara kuu mpaka idadi ikatimia. Mhakiki wa jarida ameandika kwamba sampuli "haitoshi na haielezeki". Kanuni si imetimia? — Mwanafunzi, Iringa

Hesabu yako ni sahihi, ila kanuni hiyo inajibu swali lingine.

Kanuni ya Taro Yamane ya 1967, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ni N gawanya kwa (1 + N×e²); N ni idadi ya watu wote na e ni kosa linalovumilika. Kwa walimu 480 na kosa la asilimia 5, e² ni 0.0025, zidisha kwa 480 upate 1.2, ongeza 1, na 480 gawanya kwa 2.2 ni 218. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 linakupa 214 kwa idadi hiyo hiyo; tofauti inatokana na Yamane kukadiria 1.96, namba ya uhakika wa asilimia 95, kuwa 2. (Wapo wanaosahau kipeo cha pili, wakaweka 0.05 tupu na kupata walimu 19. Wapo pia wanaotumia asilimia 10 ili wapate 83, halafu katika maandishi wakadai asilimia 5. Mhakiki mwenye kikokotoo anaona.)

Lakini kanuni zote mbili zinadhani majina 480 yamewekwa kwenye kapu moja, ukachota bila kuangalia. Wewe hukuchota walimu. Ulichota shule, tena za kando ya lami, kisha ukachukua karibu kila mwalimu aliyekuwepo. Walimu wa shule moja hufanana: mkuu wao ni mmoja, nyumba zao zina shida zile zile, wanakunywa chai meza moja. Mwalimu wa ishirini wa shule hiyo hakuambii mengi ambayo wa kumi na tisa hajasema.

Kufanana huko kuna hesabu yake. Sampuli inapotokana na makundi, unaigawa kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni watu kwa kila shule na r ni kiwango cha kufanana kwao. Tuseme r ni 0.1, kiwango cha kawaida tu. Shule 11 za walimu 20 ni madodoso 220. Kigawanyo ni 1 + 19×0.1, yaani 2.9. Umebakiwa na uzito wa walimu 76. Kama ungekwenda shule zote 24 ukachukua walimu 9 kila shule, madodoso yangekuwa 216, kigawanyo 1.8, na uzito 120. Karatasi ni zile zile, taarifa imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Gharama iko kwenye nauli, hatukatai.

Na nauli ndiyo inayoleta tatizo la pili, zito kuliko la kwanza. Shule za barabarani huwa na walimu wengi zaidi, hasa wa kike, na huhamwa kidogo. Kama utafiti wako unahusu kuridhika na kazi, umewaruka hasa wale wanaosubiri pikipiki kwa saa mbili kwenye matope.

Ufanye nini sasa na data zilizokwisha kusanywa? Usizitupe, na usidanganye. Andika wazi kwamba shule zilichaguliwa kwa urahisi wa kufikika, taja umbali wake kutoka barabara kuu, punguza dai kutoka "walimu wa wilaya" hadi "walimu wa shule 11 zinazofikika kwa urahisi", na tumia uchambuzi unaozingatia makundi. Ukipata nafasi, ongeza shule tatu au nne za mbali, hata kwa walimu 8 kila moja, uone kama majibu yanatofautiana. Safari nyingine, ongeza pia pengo la wasiorudisha dodoso: ukitegemea asilimia 90, gawanya 218 kwa 0.9, ugawe madodoso 242.

Na kama utafiti ni wa usaili wa kina, iache kanuni hiyo kabisa. Yamane hana neno lolote la kusema juu ya mahojiano na wakuu wa shule 12.

Barua ya kibali nimeipeleka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Rungwe, lakini shule zangu za Mwakaleli zimenikatalia. Kwa nini? — Mwanafunzi wa chuo, Tukuyu

Mwakaleli iko Busokelo. Wilaya ya Rungwe ni moja, halmashauri ni mbili, Rungwe na Busokelo, na kila moja ina mkurugenzi wake. Mufindi nako ni hivyo hivyo: kuna Halmashauri ya Wilaya na kuna Mji wa Mafinga. Njombe zipo tatu zinazochanganywa kila siku, yaani Wilaya, Mji wa Njombe na Mji wa Makambako. Orodhesha shule kwanza, ujue kila moja iko halmashauri gani, ndipo uandike barua.

Mfuatano wa kawaida ni barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye akuelekeze wilayani na kwa mkurugenzi, mkurugenzi kwa afisa elimu, afisa elimu kwa mkuu wa shule. Toa nakala za kutosha, maana kila meza itabaki na moja. Ruhusa ya mkuu wa shule inakufungulia geti tu. Kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18 bado unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, pamoja na kukubali kwa mtoto mwenyewe, na majarida mengi yatataka uonyeshe vyote viwili. Majina yaweke daftari moja, majibu daftari lingine, yaunganishwe kwa namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimwachi mtafiti nje.

Na kalenda: Septemba ni mtihani wa darasa la saba, Oktoba na Novemba ni ya darasa la nne, kidato cha pili na cha nne, Juni na Desemba shule zimefungwa. Februari na Machi madarasa yametulia, ila mvua za Busokelo na Makete zinaweza kukulaza njiani. Julai na Agosti ndiyo miezi mizuri kwetu. Beba koti.

Nafundisha darasa la tatu. Wanafunzi 112 walipimwa kusoma, nikawachukua 38 wa mwisho nikawafundisha jioni kwa wiki 8. Wastani wao ulipanda kutoka 8 hadi 15 kati ya 40. Mwenzangu anasema hii ni makala. Ni kweli? — Mwalimu wa msingi, Rungwe

Mwalimu, kazi uliyofanya ni ya maana kwa watoto hao, na mwalimu kuchunguza darasa lake ni aina ya utafiti inayoheshimika tangu Lawrence Stenhouse alipoitetea huko Uingereza miaka ya 1970. Lakini kwa data hizo pekee, jarida litaikataa, na sababu yake inafaa kuijua kabla hujaanza awamu ya pili.

Ukiwapima watoto 112 siku moja, wale 38 wa mwisho ni mchanganyiko. Wamo wasiojua kusoma, na wamo waliokuwa na homa, waliokuja bila kula, waliomwogopa msimamizi. Ukiwapima tena siku nyingine bila kuwafundisha chochote, kundi la pili litapanda lenyewe, na wastani wa wote 38 utapanda nalo. Ongeza kwamba katika wiki 8 hizo asubuhi waliendelea kusoma kama kawaida, na kwamba kipimo walishakizoea. Kupanda kutoka 8 hadi 15 kunaweza kuwa kazi yako yote, nusu yake, au robo. Data hazisemi.

Awamu ijayo fanya hivi. Pima wote mara mbili, siku tofauti, uchukue walio chini mara zote mbili. Piga kura ya karatasi kwenye kofia mbele ya mwalimu mwenzako: nusu waanze sasa, nusu waanze baada ya wiki 6. Hakuna mtoto anayenyimwa, wanapokezana tu. Pima wote mwanzoni, wiki ya 6, na wiki ya 12. Ikiwa kundi la kwanza litapanda kati ya kipimo cha kwanza na cha pili huku la pili likibaki nyuma, kisha la pili likapanda zamu yake ilipofika, una ushahidi unaoweza kusimama.

Kipimo chenyewe kiwe cha mtoto mmoja mmoja: kifungu asichowahi kukiona, sekunde 60, hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, kisha maswali 5 ya ufahamu. Hayo maswali usiyaruke. Mtoto anayeongea Kinyakyusa nyumbani anaweza kuteleza kwenye silabi za Kiswahili vizuri sana, kwa kuwa maandishi yetu yanasomeka kama yalivyoandikwa, bila kuelewa sentensi hata moja. Tayarisha vifungu vitatu vya urefu na ugumu ule ule, na uvizungushe, ili kila kifungu kitumike mwanzo, katikati na mwisho kwa baadhi ya watoto. Anayepima asijue nani yuko kundi gani; mwombe mwalimu wa darasa lingine. Na andika mahudhurio ya jioni kwa kila mtoto, maana mvua ikianza ndipo utakapojua nani hasa alifundishwa.

Tahadhari moja: watoto 19 kwa 19 ni wachache. Kwa idadi hiyo utaona kwa uhakika tofauti kubwa tu, karibu sehemu 9 za 10 za mkengeuko sanifu (kiasi ambacho alama hutawanyika kutoka kwenye wastani). Shirikianeni shule tatu au nne za kata.

Dodoso langu la motisha ya walimu lina vipengele 24. Alfa ya Cronbach imetoka 0.41. Msimamizi anasema niongeze maswali. — Njombe

Kuongeza maswali kutapandisha namba, hakutatibu dodoso. Alfa, kipimo cha jinsi vipengele vya dodoso vinavyokubaliana ambacho Lee Cronbach alikieleza 1951, hukua kwa wingi wa vipengele hata kama vinahusiana kidogo. Vipengele vyenye uhusiano wa wastani wa 0.15, vikiwa 10, vinatoa 0.64, vikiwa 24, vinatoa 0.81. Ubora ni ule ule.

Lako lina 24 na bado limetoa 0.41, kwa hiyo kuna kitu kimevunjika ndani. Anza na sentensi hasi. Kama "Naipenda kazi yangu" na "Natamani kuacha ualimu" zimeingizwa kwenye kompyuta bila kugeuza ya pili, zinavutana. Kwa mizani ya 1 hadi 5, alama mpya ni 6 kutoa ya zamani. Hiki ndicho chanzo cha kwanza kukichungulia. Kisha angalia kama umepiga alfa ya dodoso zima pamoja na umri, jinsi na miaka ya kazi. Tumeona hilo zaidi ya mara moja, na halina maana yoyote. Alfa hupigwa kwa kila kipimo peke yake: mshahara na mazingira visichanganywe na uhusiano na mkuu wa shule.

Kisha lugha, na hapa ndipo tunaposhuku zaidi. Kwa walimu wetu, "motisha" ni posho, ni bahasha ya matokeo mazuri, ni shuka au mchele waliopewa kwenye mahafali. Ukiandika "Nina motisha ya kufundisha", mmoja atajibu kuhusu ari yake na mwingine atajibu kwamba hajapewa kitu tangu mwaka juzi. Wote wamesema kweli, ila kwa maswali mawili tofauti. Tumia "ari" au ueleze kitendo: "Huandaa somo hata nisipokaguliwa." Futa pia ukanushi juu ya ukanushi, mfano "Sikubaliani kwamba walimu hawasikilizwi"; mtu aliyechoka saa tisa alasiri hajui aweke vema wapi.

Kama dodoso ulilitafsiri kutoka Kiingereza, mpe mtu ambaye hajaiona asilia alirudishe Kiingereza, ulinganishe. Halafu kaa na walimu 5 mmoja mmoja, wasome kila kipengele na kukueleza kwa maneno yao wameelewa nini. Lifanyie majaribio kwenye shule isiyo katika sampuli, na watu 30 au zaidi. Alfa ya watu 12 inayumba mno.

Tasnifu yangu ina kurasa 96. Jarida linataka maneno 6,000. Nikate wapi? — Mhitimu, Uyole

Usikate, chagua. Tasnifu za uzamili huwa na malengo mahususi matatu; makala ni moja kati ya hayo. Lichukue lile lenye matokeo ambayo hukuyategemea, mengine yaache.

Mgawanyo unaofanya kazi kwa maneno 6,000 ni utangulizi 600, mapitio ya maandiko 1,000, mbinu 900, matokeo 1,800, mjadala 1,300, hitimisho 400. Ikisiri ya maneno kama 200 iandike mwisho, na iwe na namba zako halisi. Kinachopunguza uzito haraka ni fasili. Hakuna mhariri anayehitaji kuelezwa hojaji ni nini wala faida za usaili kwa nukuu ya kitabu cha mbinu. Anataka kujua uliwahoji akina nani, wapi, kwa lugha gani, kwa dakika ngapi, na nani alinukuu sauti.

Eneo la utafiti lisiwe latitudo na idadi ya watu wilayani. Msomaji wa Brazili hahitaji latitudo ya Mbarali. Anahitaji kujua kwamba msingi wa serikali unafundishwa kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na kwamba kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu msimu wa kuamia ndege unaweza kumtoa mtoto darasani. Hayo yanaeleza matokeo yako.

Jarida likirudisha makala na "marekebisho makubwa", usikate tamaa. Mlango uko wazi. Nakili kila hoja ya mhakiki, ipe namba, chini yake andika umefanya nini na katika ukurasa na mstari upi. Usipokubaliana na hoja, sema hivyo kwa ushahidi na kwa adabu. Mhariri ndiye mwamuzi. Kinachomuudhi ni kuandika "imerekebishwa" halafu asione kilichobadilika.

Makala nyingi zinadai dola 40. Nitasoma wapi bure? Na je, naweza kuchapisha kwa Kiswahili? — Mwalimu wa sekondari, Makambako

Anza na ERIC, hazina ya maandiko ya elimu ya serikali ya Marekani, ambayo haina malipo. Namba zinazoanza na EJ ni makala za majarida. ED ni ripoti na nyaraka nyingine, nyingi hazikuhakikiwa, kwa hiyo weka alama kwenye kisanduku cha zilizohakikiwa. Kwenye Google Scholar, chini ya makala nyingi kuna kiungo cha matoleo yote. Mara nyingi moja liko bure kwenye hazina ya chuo cha mwandishi. Majarida mengi ya AJOL na yote ya DOAJ yanasomeka bure. Ukiwa na uhusiano na chuo, muulize mkutubi kama kimesajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida bure au kwa bei nafuu. Na ukikwama kabisa mwandikie mwandishi. Wengi hutuma siku hiyo hiyo, maana wao hawapati hata senti ya hizo dola 40.

Kwa Kiswahili, ndiyo. Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, yote ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yanapokea makala za lugha na fasihi, kwa hiyo ufundishaji wa Kiswahili una nafasi humo. Soma maelekezo ya toleo la karibuni kuhusu ikisiri na mtindo wa marejeleo kabla ya kutuma.

Msimamizi wangu anataka jina lake liwe la kwanza kwenye makala ya tasnifu yangu. Mkuu wa shule niliyofanyia utafiti naye anaomba awemo. — Hakutaja mahali

Mwandishi ni yule aliyechangia kwa uzito katika wazo, data au uchambuzi, akashiriki kuandika au kuhakiki maudhui, akaidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kujibu maswali juu yake. Yote manne kwa pamoja, kwa kanuni ambayo majarida mengi hufuata. Msimamizi akitimiza hayo, ni haki yake kuwemo, na kumwacha ni kosa sawa na kumpachika asiyehusika. Ila makala inapotokana na tasnifu, kwa desturi mwanafunzi ndiye wa kwanza. Mwonyeshe maelekezo ya jarida yenyewe, yaseme kwa niaba yako, na makubaliano yenu yaandikwe kwenye barua pepe kabla ya rasimu ya kwanza. Mkuu wa shule aliyekufungulia madarasa anashukuriwa mwishoni mwa makala, tena kwa cheo chake tu bila jina la shule, la sivyo umeshawataja wote uliowaahidi kuwaficha.